Siku Niliyofungwa Mdomo kwenye Ndiva

Chome,
S.L.P. 417,
Same.

21 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Fredrick,

Marahaba, maana najua uliniamkia moyoni kabla hujapasua bahasha hii. Sisi huku tu wazima. Baridi ya mwaka huu ilikuwa ya kukata masikio, ukungu ulikuwa unatulalia mpaka saa nne asubuhi, ila sasa jua limerudi na watu wamevua makoti. Mama yako, mama mdogo Blandina, goti limepoa. Jumapili iliyopita alishuka kanisani kwa miguu yake na akakataa fimbo. Anasema fimbo ni ya wazee. Ana miaka sabini na sita.

Nawe hujambo? Mkeo Jenifer hajambo? Uliniambia miguu yake inavimba akiunganisha zamu mbili pale kwenye nyumba ya wazee mnakofanya kazi. Mwambie ailoweke kwenye maji ya chumvi, na akiombwa zamu ya tatu akatae hata kama wataipamba kwa maua. Na huko Uingereza, hiyo Leicester yenu, mvua imewaachia hata wiki moja ya kuanika nguo?

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu. Ualimu hautoki, mdogo wangu, hata ukistaafu. Furaha kwanza: miezi saba bila tone. Nilimsomea mama yako sehemu hiyo, akaniomba niirudie, kisha akaenda jikoni akakaa huko kwa muda. Alirudi macho mekundu akisingizia kuni mbichi. Kwa hiyo hongera, na hongera hiyo ni ya watu wawili.

Sasa kalamu nyekundu. Unaniandikia kwamba umehudhuria mikutano tisini ya walioacha pombe kwa siku tisini, halafu ukaanza upya na mingine tisini. Kisha unaniuliza, kwa sauti ya mtu anayemhurumia maskini, mimi ninaishije huku mlimani mwaka wa nne bila kuonja pombe, wakati mkutano wangu ni mmoja tu kwa mwezi, kule Same mjini, watu saba kwenye darasa la chekechea, tumekalia viti vinavyofanya magoti yaguse kidevu. Unasema ndiyo maana Krismasi hii huji nyumbani: huku hakuna mikutano, na dengelua, hii pombe yetu ya miwa, iko kila mlango.

Fredrick, huku dengelua ilikuwepo kabla yako na kabla yangu. Miwa haitaacha kuota kwa ajili yetu. Na mikutano mimi siipingi. Mkutano wa kwanza ndio ulionifundisha kusema jina langu na ugonjwa wangu kwa pumzi moja, na ukinipa nauli leo nitashuka Same kesho. Lakini mkutano ni jiwe la kunolea. Wewe umenoa jembe mara mia na themanini, linang'aa, unalisifia, na shamba bado lina magugu. Kuna watu nimewaona kule mjini, wanazijua zile hatua kumi na mbili za kuachana na pombe kama Sala ya Baba Yetu, wakitoka nje wanamtukana muuza maji. Nikiwasema wananiita mgomvi. Ni kweli mimi ni mgomvi, ila hilo haliwafanyi wao kuwa watu wema.

Usidhani nakuhubiria nikiwa juu ya mimbari. Nataka nikusimulie yaliyonipata Julai na Agosti, kabla hujayasikia kwa mama yako, maana yeye anayaongezea chumvi na akifika katikati anacheka mpaka anasahau mwisho.

Unaikumbuka ndiva yetu, lile bwawa dogo la mababu chini ya shule, linalokusanya maji ya kijito usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani. Utaratibu haujabadilika. Kila mtu ana siku yake, na mwenye zamu ya kesho ndiye anayekwenda jioni kuziba tundu: unasimika kigogo, unakizungushia magome ya mgomba, unasindilia udongo mpaka pasivuje hata chozi. Asubuhi unaamka unakuta bwawa limejaa, ni lako.

Jumatatu moja ya Julai nilikwenda kuziba kwa ajili ya zamu yangu ya Jumanne. Siku hiyo kulikuwa na mjadala redioni, mtu mmoja mwenye shahada tatu alikuwa anadai kwamba wakulima wa milimani ndio wanaoharibu vyanzo vya maji. Nilikuwa namsikiliza kwenye simu huku nikifanya kazi, damu inachemka, na kwenye ndiva, unajua, mtandao haushiki vizuri. Niliharakisha kupanda nyumbani ili niwapigie studio. Niliwapigia, nikaingia hewani, nikampa huyo bwana haki yake kwa dakika nne. Nililala mshindi.

Asubuhi nikakuta ndiva tupu. Kilichobaki kilikuwa tope na vyura wawili wanaoulizana. Na mfereji uliokuwa umelowa ni ule unaopita kwenye kabichi za Wilbard.

Wilbard ndiye jirani yetu wa bondeni, yule tunayemwita Baba Agape kwa jina la binti yake. Mtu mkimya. Mimi watu wakimya huwa nawatilia shaka. Sikumuuliza kitu. Nilingoja Alhamisi, siku ya kikao cha maji, nikasimama, nikasema kwa dakika arobaini. Nilianzia na sheria za maji za Babeli ya kale, nikapita kwa makabaila wa Ulaya, nikawashukia walowezi, nikafika kwa Wilbard. Nilimwita kupe. Nilimwita mkoloni mwenye ngozi yetu. Watu walicheka, Fredrick, na mimi nikichekewa huwa sijui kusimama. Yeye alikaa ameshika kofia yake magotini. Nilipokaa akaniuliza swali moja tu.

"Mwalimu, umemaliza?"

Kikao kilimnyang'anya zamu mbili. Zamu mbili kiangazi, kabichi zikiwa zinafunga. Unajua maana yake.

Siku kumi baadaye zamu yangu ilirudi, nikaenda jioni kuziba. Nikasogeza jiwe ili nipate pa kukanyaga. Nyuma ya jiwe kulikuwa na mzigo wa magome ya mgomba, umekauka, umefungwa kwa ukanda wa kitenge changu cha zambarau, kile nilichokichana mwaka jana. Haukuwa umefunguliwa. Ulikuwa ni mzigo wangu wa ile Jumatatu. Nilisimika kigogo, nikakimbilia redio, magome nikayaacha pale pale. Maji yalijiondokea yenyewe usiku, yakafuata njia yao ya kawaida, na njia yao inapita kwa Wilbard.

Nilikuwa peke yangu. Ningeweza kuutupa ule mzigo korongoni na asingejua mtu mpaka Yesu arudi. Naandika hivi ili ujue: sikuwa nimekunywa. Nilikuwa na miaka mitatu na miezi yangu, mtu safi kabisa, mwenye kusimulia ushuhuda. Na bado nilikuwa nimemwibia mtu maji na jina kwa siku moja.

Sasa ile hatua ya kumi unaijua, mtu aendelee kujikagua, na akikosa akiri mara moja. Kwangu "mara moja" ilichukua siku tatu. Siku ya kwanza nilijiambia nitafute wakati mwafaka. Siku ya pili nikaanza kufanya utafiti juu ya vigogo vinavyooza. Siku ya tatu asubuhi nikampigia Zaituni, mlezi wangu katika hatua hizi. Amenipa ruhusa kumtaja kwako. Anauza mchele wa Kihurio sokoni Same, ni mama wa kujitanda vizuri na kuswali swala zote, na kwa miaka tisa alikuwa anakunywa gongo kwenye chupa ya chai huku wateja wakimsifu kwa upole. Nikamweleza jambo lote, pamoja na ule utafiti wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Shoga, hizo kabichi za watu zinangoja umalize kusoma?"

Basi nikashuka bondeni asubuhi ile ile. Nilimkuta Asteria, mke wa Wilbard, anapukuchua maharage mlangoni. Hakunikaribisha kigoda. Wilbard akatoka. Nikauweka ule mzigo wa magome chini mbele yao, na ukanda wake wa kitenge, nikasema ulikokuwa, na nikasema kwamba hakuiba maji, ni mimi sikuziba. Nilikuwa nimeandaa na maelezo mengine marefu juu ya kwa nini. Niliyameza, na yalikuwa na miiba.

Wilbard aliutazama mzigo. Alisema kwa Chasu, Kipare chetu, taratibu, kwamba nilimchafua mbele ya watu, kwa hiyo nyumbani kwake si mahali pa kumsafishia. Jumamosi ni msaragambo, watu wote watakuwa kwenye ndiva kuzoa tope. Akarudi ndani.

Asteria peke yake ndiye aliyeongeza neno. Alisema: "Na usije na Babeli."

Mwenyekiti wa ndiva sasa ni Elinaza, yule mliyesoma naye. Nilimwendea siku hiyo hiyo, nikamwambia Wilbard arudishiwe zamu zake zote, na mbili za kwangu aongezewe. Akakubali. Kisha akanikumbusha, huku anajizuia kutabasamu, kwamba kwa kawaida ya ndiva anayemsingizia mwenzake wizi wa maji hulipa debe la dengelua siku ya msaragambo, na analipika kwa mikono yake.

Unaona mtego huo? Ili nitubu kwa jirani yangu, nipike pombe. Nami kabla ya kuacha, samahani kwa kujisifu, hapakuwa na mwanamke kitongojini aliyenishinda kwa dengelua. Habari zilishasambaa. Watu ambao hawajaonekana kwenye msaragambo tangu uchaguzi walianza kunoa makoleo.

Nilikasirika kwa raha kabisa. Hapa nilikuwa na haki, na hakuna kilevi kitamu kwangu kama kuwa na haki. Niliandika kurasa sita dhidi ya mila hiyo. Niliweka afya ya jamii, katiba, haki za wagonjwa, na kifungu kimoja cha Waraka kwa Warumi. Zilikuwa kurasa nzuri, Fredrick, hata leo naziona. Nikamsomea Zaituni kwenye simu mpaka salio likakaribia kuisha. Alisema kila neno ni kweli. Kisha akauliza kama ninakwenda Jumamosi kurekebisha au kushinda, maana kwenye mzigo mmoja havitaingia vyote viwili.

Kurasa zile niliwashia moto wa makande. Ziliwaka vizuri.

Jumamosi saa moja asubuhi tulikuwa kama arobaini na tano kwenye ndiva, tope limefika magotini, maana tangu mwaka juzi halijazolewa. Elinaza akanipa nafasi. Nilisema hivi, na naweza kukuandikia neno kwa neno kwa sababu ni hotuba fupi kuliko zote maishani mwangu:

"Mimi Yudith nilisema Baba Agape ameiba maji. Hakuiba. Mimi sikuziba ndiva, na nilipojua nilinyamaza siku tatu."

Mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti kama huo ni utangulizi. Kicheko kidogo kikapita. Elinaza akasema basi, limesikika, sasa debe letu liko wapi.

Nikawaambia ukweli ambao kwa miaka mitatu nilikuwa nausema kule mjini tu, kwenye viti vya chekechea, mbele ya watu saba. Huku kwetu nilikuwa nimeacha watu waamini kwamba daktari amenikataza kwa sababu ya presha. Niliwaambia mimi ni mlevi. Siwezi kuipika, siwezi kuinunua, siwezi hata kuibeba kutoka mlango hadi mlango, kwa sababu nikiigusa nimekwisha. Wanipe adhabu nyingine, yoyote, nitaifanya bila kubishana.

Hapo sasa ndipo palipokuwa na hatari. Kama wangeng'ang'ania debe ningeondoka, na kama ningeondoka, jina la Wilbard lingebaki limesafishwa nusu, na mimi ningekuwa yule anayekiri vizuri na kulipa vibaya. Wazee wawili walianza kusema kawaida ni kawaida. Nilikuwa na majibu kumi na moja. Nikayashika yote kwa meno.

Asteria akawakata.

"Basi anyamaze," alisema. "Alisema dakika arobaini bila kupumua. Leo afanye kazi mpaka koleo la mwisho lioshwe, asitoe neno. Hilo litamuuma kuliko debe."

Fredrick, watu walicheka mpaka vyura wakahama. Mmoja wa wale wazee waliodai debe alikaa chini kabisa kwenye tope. Hukumu ikapita kwa mikono kunyanyuliwa, na wa kwanza kunyanyua alikuwa mama yako, ambaye hata kwenye ndiva hakuja kufanya kazi, alikuja kuangalia.

Nikachukua ndoo nikaingia. Kwanza nilidhani wamenionea huruma. Kufika saa nne nilijua sivyo. Kila mtu alipita karibu yangu na uongo wake mdogo. Mmoja alidai kahawa ililetwa na Waarabu kupitia Mwanza. Mwingine akamweleza mwenzake, kwa utulivu, kwamba mwanamke hawezi kuwa mwandishi mzuri kwa sababu ya joto la jiko. Nilizoa tope. Nikajiambia sala ile fupi tunayoisema kule mjini, ya kuomba utulivu kwa yale nisiyoweza kuyabadilisha, na nikagundua kwamba miaka yote nimekuwa nikiisema nikifikiria pombe tu, sijawahi kuisema nikifikiria maoni ya watu wengine.

Adhuhuri Elinaza akasimama ukingoni, akajifuta jasho, akatangaza kwa wote kwamba ndiva hii, kama mnavyojua, ilijengwa na Wajerumani.

Wewe unajua. Mama yako anajua. Hata mbuzi wa Chome wanajua kwamba mababu zetu waliijenga ndiva hii kabla Mjerumani hajajua kuna Upare duniani. Niliinua kichwa. Mdomo ulifunguka wenyewe. Ndoo ikainama, tope likamwagika kwenye buti.

Aliyekuwa karibu nami alikuwa Wilbard. Asubuhi yote tulikuwa tumepokezana ndoo bila kutazamana. Akasema, bila kuinua uso, "Mwenyekiti, mwache mwanamke wa watu. Atapasuka, na tope hili hatujalimaliza."

Nilifunga mdomo. Nikampa ndoo. Akaipokea.

Tulimaliza saa tisa. Makoleo yakaoshwa, la mwisho likawekwa juani, na watu wote arobaini na tano wakanigeukia kungoja mafuriko. Hayakuja. Nilikuwa nimechoka vizuri, kama mtoto aliyecheza. Nikasema makande yako tayari nyumbani, sufuria mbili, njooni mle. Wakaja. Wilbard pia alikuja, akala amesimama nje, akarudisha sahani, akaenda zake.

Ungependa nikuandikie kwamba tangu hapo tumekuwa marafiki. Hatujawa. Kabichi zake za safu za juu zilipona, za chini ziliharibika, na hizo sitaweza kuzirudisha. Kila jioni kabla ya zamu yangu, nikishamaliza kuziba ndiva, Wilbard anatokea, anashuka mwenyewe, anapapasa udongo kuzunguka kigogo, kidole kwa kidole. Haoni aibu wala hajifichi. Mara ya kwanza nilihisi moto ukipanda kifuani: mimi, mwalimu niliyefundisha miaka thelathini, nakaguliwa kama mtoto wa darasa la pili. Mara ya pili nilimmulikia kwa tochi ya simu. Juzi alinionyesha mahali nilipoacha wazi, padogo kama tundu la sindano, nikapaziba, akasema "Haya, Mwalimu", akaenda.

Hayo ndiyo maisha yangu bila mikutano tisini. Jioni nikiwasha jiko najiuliza nani leo nimemwonea, na kama yupo, nakwenda kabla chakula hakijaiva, ndiyo maana mara nyingi nakula ugali ulioungua. Barua zangu kwa magazeti siku hizi nazilaza siku tatu kwenye mtungi wa unga. Nikizitoa, mbili katika kila tatu zinakwenda jikoni. Ile moja inayobaki inauma zaidi kuliko zote za zamani, usidhani nimekuwa mpole.

Nimelibakiza neno lako la mwisho, lile uliloliandika pembeni ya karatasi kwa herufi ndogo kama unalificha. Unasema Jenifer bado ananusa koti lako ukirudi, na anafungua mkoba wako ukiwa bafuni, baada ya mikutano yote hiyo, na kwamba unaona ni dharau. Unamlalamikia kwenye mikutano, na wenzako wanakupa pole.

Sikupi pole. Miaka sita ulimdanganya huyo mwanamke, na baadhi ya miaka hiyo nilikuwepo. Kesho ukiingia, vua koti lako, mpe mkononi. Mkoba uweke mezani, ufungue mwenyewe, kaa kimya ukimwangalia anavyokagua. Ukihisi moto unapanda, hapo ndipo zile hatua kumi na mbili zinapoanza, na hapo hakuna mtu wa kukupigia makofi. Usimuulize itakuwa mpaka lini. Wilbard mimi sijamuuliza.

Na Krismasi mje, wote wawili. Dengelua itakuwepo, nami nitakuwepo. Nimeshamwambia mama yako kwamba unakuja, kwa hiyo ukibadili mawazo utamweleza wewe.

Mama mdogo Blandina anakusalimu, na anaagiza soksi nene, ila si za kizee. Elinaza anakusalimu na anadai historia yake ya Wajerumani ni sahihi, usimjibu, niachie. Zaituni anakusalimu ingawa hamjaonana. Asteria, nilipomwambia nakuandikia, hakutuma salamu, lakini aliuliza watoto wenu wangapi. Msalimie Jenifer kwanza, kabla hujaikunja karatasi hii, na umwambie nimesema ana haki.

Mungu aliyewapa mababu akili ya kuyatunza maji kwenye mlima huu akutunze na wewe, siku moja, kisha nyingine.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata ninapokugombeza,

Yudith